Anza na siti, si usukani: kurekebisha baiskeli kwa mbio dhidi ya saa

Mwendeshaji anayetoka Dodoma mjini kuelekea Chamwino alasiri ya Agosti hahitaji mwalimu wa fizikia. Upepo wa kiangazi huku kwetu huja kutoka mashariki na kusini-mashariki, una vumbi, na unapiga kifuani moja kwa moja. Akiinama, kasi inapanda. Akiinuka kunywa maji, kasi inashuka palepale, na miguu inakazana vilevile.

Sababu ni hesabu. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, na nguvu unazotakiwa kutoa ili kuushinda huongezeka kwa mchemraba wake. Ukitaka kuongeza kasi kwa asilimia 10 tu, hewa itakudai nguvu zaidi kwa karibu theluthi moja. Katika ukinzani huo, sehemu kubwa inatokana na mwili wako, si na baiskeli. Ndiyo maana mtu anayekusanya fedha kwa miaka kununua rimu za kaboni, ilhali kifua chake kimesimama wima, ameanzia mwisho wa foleni.

Katika mbio dhidi ya saa kila mtu anaanza peke yake na hakuna mgongo wa mwenzako wa kujificha. Siku ya mwisho ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mwaka 1989, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, na kilichobaki kilikuwa kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alifunga vishikio virefu vya mbele vilivyomwezesha kulaza mikono. Fignon hakuwa navyo, na hakuvaa hata kofia. LeMond akachukua ushindi wa jumla kwa sekunde 8. Tangu hapo hakuna aliyebisha.

Kilichobaki ni namna ya kukaa hivyo bila kuharibu mgongo, shingo na miguu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea mwelekeo: tunashusha usukani hadi chini kabisa, tunatoka na kwenda kuumia. Mwili unatakiwa uzungushwe wote mbele ukiuzunguka mhimili wa krenki (vyuma viwili vinavyobeba pedeli), nyonga zikiwa na nafasi yake ileile. Kwa hiyo kazi inaanza kwenye siti, na usukani unafuata.

Kabla ya kushika spana

Huhitaji karakana. Tafuta spana za L (za milimita 4, 5 na 6 zinatosha baiskeli nyingi), futi kamba, uzi wenye nati mwishoni utakaokuwa timazi yako, pima maji ya fundi seremala, utepe wa umeme na simu yenye kamera. Kama unaweza kuazima spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, azima. Boliti za stemu (kipande kinachoshika usukani) na za mito ya viwiko (inayobeba mikono ukilala mbele) mara nyingi zimeandikwa kikomo chake, kwa kawaida karibu na Nm 5 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na kaboni haisamehi mkono mzito.

Kisha pima ulivyo sasa na uandike kwenye daftari, si kichwani:

- kutoka katikati ya mhimili wa krenki hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti;
- timazi ikishuka kutoka puani mwa siti, iko nyuma ya mhimili kwa sentimita ngapi;
- kutoka pua ya siti hadi katikati ya usukani;
- usukani uko chini au juu ya siti kwa kiasi gani.

Baiskeli iwe imesimama sawa kabisa wakati wa kupima. Nyua za huku zina mteremko kuliko zinavyoonekana, kwa hiyo weka pima maji sakafuni kwanza. Zungushia utepe wa umeme kwenye bomba la siti, pale linapoingia kwenye fremu sasa; utakuja kushukuru siku siti itakapozama yenyewe kwenye matuta.

Kama baiskeli yako ya kawaida tayari inakuumiza goti au kiuno, tatua hilo kwanza. Mkao wa aero, yaani huu wa kulaza kiwiliwili na mikono ili kukata hewa, hautibu kitu, unazidisha tu kile kilichopo.

Siti: nenda mbele, kisha panda

Hakikisha urefu wa siti uko sahihi katika mkao wa kawaida. Njia ya zamani bado inafanya kazi: kaa sawa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila nyonga kuegemea upande. Ukiweka sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo. Ukipenda hesabu, simama peku ukutani na kitabu kikiwa kimebanwa juu kabisa kati ya mapaja, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 82 anapata kama 72.4 kutoka mhimili hadi juu ya siti. Hiyo ni namba ya kuanzia. Viatu, pedeli na umbo la unyayo huisogeza.

Sasa sogeza siti mbele. Katika baiskeli ya kawaida ya mbio, mstari kutoka mhimili hadi siti huwa na pembe ya karibu digrii 73 na ardhi. Mkao wa aero hukaa vizuri kati ya digrii 76 na 80. Kwa mtu mwenye siti ya sentimita 72, digrii moja ni kama sentimita 1.25, kwa hiyo kutoka 73 hadi 78 ni safari ya sentimita 6 na kitu. Reli za siti haziwezi kukupa zote hizo. Ukimaliza reli, unaweza kununua bomba la siti lisilorudi nyuma kichwani, au mabomba mengine yanaruhusu kichwa kugeuzwa kielekee mbele, ikiwa kibano bado kinashika reli ndani ya alama zake. Kama fremu yako ya mtumba inakupa sentimita 4 tu, zikubali. Sentimita 4 ni mabadiliko makubwa.

Usiende zote kwa mara moja. Sogeza sentimita 1, kisha pandisha siti kama milimita 3. Ukiisogeza siti mbele bila kuipandisha umbali hadi pedeli unapungua, magoti yanakunjika zaidi, na baada ya wiki mbili unaanza kulalamikia maumivu ya mbele ya goti. Watu huwalaumu wauza viatu bure. Kila unapopandisha, angalia ule mstari wa kikomo kwenye bomba la siti: usitoke nje ya fremu.

Kuna sababu ya kufanya haya yote. Unapolaza kiwiliwili, nafasi kati ya paja na tumbo inabanwa pale pedeli inapofika juu. Nyonga ikibanwa, nguvu zinapotea, pumzi inakatika, na goti linaanza kutoroka kwa nje ili kukwepa mbavu. Siti ikienda mbele, nyonga inafunguka tena. Umelala chini zaidi, na paja bado lina mahali pa kwenda.

Mwinamo wa siti: kwa baiskeli ya kawaida wengi huiweka sawa na upeo. Katika aero unakalia mbele zaidi, mifupa ya nyonga imezunguka, na pua ya siti inabonyeza mahali pasipostahili kubonyezwa. Inamisha pua chini kwa digrii 1 hadi 3, usizidi sana. Ukiinamisha kupita kiasi utateleza, na mikono itafanya kazi ya kukusukuma urudi, jambo linalochosha mabega kabla ya kilomita 10. Ganzi sehemu za siri, kwa mwanaume au mwanamke, haivumiliwi; ni ishara ya kubadilisha siti. Siti fupi zenye mfereji katikati, au zile zenye pua iliyogawanyika mara mbili, zilitengenezwa kwa ajili hiyo.

Neno kuhusu kanuni. Shirika la baiskeli duniani, UCI, lina mipaka ya nafasi ya pua ya siti na ya urefu wa vishikio vya mbele, na limeibadilisha mara kadhaa miaka ya karibuni. Kama unalenga mbio zinazosimamiwa kwa kanuni hizo, soma za mwaka wako kabla ya kununua bomba jipya. Kama unashindana na wenzako na saa ya mkononi, kaa panapokufaa.

Krenki fupi

Hili halipewi uzito linaostahili. Baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na krenki za milimita 172.5 au 175, na watu wa kimo cha wastani wanazizungusha hivyo hivyo. Ukibadili 172.5 kuwa 165, unapandisha siti milimita 7.5, na pedeli ikiwa juu mguu wako uko chini kwa milimita 15 ukilinganisha na siti. Hizo ni milimita 15 za nyonga kupumua, na huenda ukaweza kuinama zaidi bila kuhisi umebanwa. Ni ghali kuliko kuzungusha spana, kwa hiyo iache ya mwisho, lakini ukipata seti kwa bei nzuri usiipite.

Mito ya viwiko

Kabla ya kufunga aerobaa (vile vishikio virefu vya mbele pamoja na mito yake ya viwiko), pima unene wa usukani mahali zinapobana. Nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa milimita 31.8, usukani wa zamani huwa 26 au 25.4 na unahitaji bushi. Na kama usukani ni wa kaboni, hakikisha mtengenezaji anaruhusu kubana kitu hapo. Mlio wa kaboni inayovunjika ukiwa kilomita 45 kwa saa, sipendi hata kuuwaza.

Weka mito ikae chini ya mkono wa mbele, karibu na kiwiko lakini si kwenye ncha yake. Uzito unatakiwa ubebwe na mifupa: bega juu ya kiwiko, mkono wa juu ukikaribia wima au umetangulia mbele kidogo, kiasi kwamba kati ya mkono huo na kiwiliwili kuna pembe ya karibu digrii 90. Mito ikiwa karibu mno unajikunja na magoti yanagonga viwiko. Ikiwa mbali mno unaning'inia kwa misuli ya mgongo, na misuli hiyo haitakubeba dakika 40.

Urefu: anza mito ikiwa sentimita 5 hivi chini ya siti. Ndiyo, 5 tu. Panda wiki moja au mbili. Kama pumzi ni nzuri na nyonga hazitikisiki, shusha mito sentimita 1. Rudia. Utafika mahali ambapo nguvu zinapungua au shingo inakataa. Rudi hatua moja juu, na hapo ndipo pako. Wapo watakaoishia sentimita 6 na wapo watakaofika 15, na tofauti hiyo inatokana na ulaini wa nyonga na mapaja ya nyuma kuliko ujasiri.

Upana: anza mito ikiwa chini ya mabega, kisha sogeza ndani kidogo kidogo. Watu wengi huwa wepesi hewani zaidi mikono ikikaribiana, ila si wote. Kwa wengine hewa hupita vibaya mapajani na kifuani mikono ikikutana. Zaidi ya hayo, mikono iliyobana hubana kifua na kuifanya baiskeli iwe na wasiwasi kwenye upepo wa ubavu. Kwa upepo wetu, ningemshauri anayeanza asiwe na haraka ya kubana.

Vishikio virefu vikatwe au visogezwe ili kiganja kishike mwisho wake bila bega kunyooka kukifuata. Vishikio vilivyoinuka mbele, digrii 10 hadi 20, hukuzuia usiteleze na hujaza lile pengo kati ya mikono na uso. Katika mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, Remco Evenepoel alishinda mbio dhidi ya saa za wanaume za kilomita 40.6, na picha zake zinafaa kutazamwa kwa makini: mikono imeinuka, kichwa kimeshuka kati ya mabega, mgongo hautikisiki hata anapopanda mlima. Tazama utulivu huo. Usinakili vipimo vyake. Yeye ana sentimita 171 na miaka mingi ya mazoezi ya viungo.

Kichwa

Kichwa kilichosimama juu ya mgongo uliolala kinaharibu kazi yote ya hapo juu. Jifunze kushusha mabega mbele na kukiingiza kichwa katikati yake, kama kobe, macho yakiangalia juu kupitia nyusi. Mwanzoni shingo itauma baada ya dakika 5. Fanya vipindi vifupi: dakika 5 chini, 2 juu, na uongeze taratibu kwa wiki kadhaa. Kamwe usiangalie tairi la mbele ili kupumzisha shingo. Kila siku barabara zetu zina mbuzi, matuta yasiyopakwa rangi, na bodaboda anayetokea kwenye njia ya vumbi.

Kujiona

Kama una stendi ya mazoezi ya ndani, vizuri. Kama huna, mwenzako ashike baiskeli kwa nyuma, wewe ukae kwenye mito na kuzungusha pedeli kinyumenyume. Simu iwekwe juu ya kigoda, usawa wa nyonga, mita 3 pembeni, na ipige video. Halafu nyingine kutoka nyuma.

Ya pembeni itakuonyesha kama mgongo umelala kuanzia nyonga au umekunjika katikati tu, na kama paja linagonga tumbo. Ya nyuma ndiyo inayosema ukweli: nyonga zikicheza kushoto na kulia, siti iko juu mno; goti likitoka nje kila linapofika juu, umeshuka mno au krenki ni ndefu. Rekebisha kitu kimoja, piga tena. Ukibadili vitu vitatu kwa siku moja hutajua kipi kilikuponya na kipi kilikuumiza.

Kupima barabarani

Mkao mpya uthibitishwe na saa. Mkao wa chini zaidi unaweza kukupa hewa nzuri huku ukikunyima nguvu, na macho hayawezi kuhesabu hayo.

Toka alfajiri, mara tu kunapopambazuka, kabla upepo haujaamka. Chagua kipande tambarare cha kilomita 5, nenda na urudi, ili upepo mdogo uliopo ufidiwe kwa kiasi. Kama una kipimo cha wati (nguvu unazotoa kwenye pedeli), shikilia wati zilezile. Kama huna, tumia mapigo ya moyo, ukijua kwamba huchelewa kupanda na hupanda na joto. Fanya mkao wa zamani, mpya, mpya tena, kisha wa zamani; mpangilio huo unapunguza udanganyifu wa uchovu na wa jua linalopanda. Nguo ziwe zilezile, upepo wa tairi uleule. Tofauti ya sekunde 2 au 3 usiihesabu, ila ikijirudia siku nyingine.

Njia nyingine haihitaji kifaa. Tafuta mteremko mpole usio na magari, ulionyooka. Anza kutoka kituo kilekile bila kupiga pedeli, na usome kasi unapopita alama fulani chini. Miinuko ya upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma inayo miteremko ya aina hiyo, Jumapili asubuhi sana. Njia hii inapima hewa tu, haisemi kitu kuhusu miguu.

Ukilinganisha muda wako na wa rafiki aliye Dar es Salaam, kumbuka kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, na kwa mbio hizi hilo linatusaidia, ingawa mapafu nayo yanapata oksijeni pungufu kidogo.

Fulana pana inayopepea inaweza kula faida ya sentimita zote ulizohangaikia, kwa hiyo vaa nguo inayobana, na namba ya mashindano ibandikwe isipepee.

Wapi pa kuzoea

Ukiwa kwenye aero mikono haiko kwenye breki. Jambo hilo moja linaamua njia ya mazoezi. Barabara ya Morogoro yenye malori yanayopokezana usiku na mchana si mahali pake. Hapo shika usukani wa kawaida, vidole juu ya breki. Barabara za ndani za Mji wa Serikali Mtumba, mwisho wa wiki na mapema, ni pana na zimetulia. Upande wa Bahi ni tambarare na unanyooka vizuri, ila ni njia ya Singida na malori yake yapo, kwa hiyo ni ya alfajiri tu na pasipo na magari. Kila ukiona kijiji, tuta, mnada au kundi la ng'ombe, inuka kabla hujafika.

Siti iliyokwenda mbele imeongeza uzito kwenye gurudumu la mbele, na baiskeli itakuwa nyepesi kugeuka kuliko uliyoizoea. Lori likikupita kutoka mbele, upepo wake unasukuma kisha unavuta. Jifunze kuhama kutoka mito kwenda usukani na kurudi bila kuyumba, mkono mmoja baada ya mwingine, kwanza mahali patupu. Jifunze pia kunywa maji ukiwa chini, au fahamu ni wapi utainuka. Kwa ukavu wa Dodoma, kukwepa maji ili kuokoa sekunde hukugharimu dakika. Na katika kundi usilaze mikono kwenye mito hata siku moja, hata ukiwa mbele.

Baada ya safari mbili za kwanza kaza boliti zote upya, pima siti dhidi ya ule utepe wa umeme, na uandike vipimo vipya daftarini chini ya vile vya zamani. Fundi atakapoifungua baiskeli kuiosha au kuipakia kwenye basi, utahitaji namba hizo kuirudisha ilivyokuwa.